Tulisema Ni Sumu

Ninyi wajukuu mnaoniita Koko halafu mnanijibu kwa Kiingereza, someni hii polepole. Shule sikukaa sana, lakini hili nalijua.

Mama yenu alianguka jikoni kwetu huku ugenini, Mount Druitt, akisonga bugali. Alishika kisogo, akasema, "Mama, kichwa kinapasuka," akatapika, akalala sakafuni. Hospitalini wakampiga picha ya kichwa. Mshipa wa damu ndani ya ubongo ulikuwa umedhoofika mahali pamoja, ukavimba kama puto, ukavuja. Wakampasua. Mungu ashukuriwe, anatembea.

Siku ile daktari aliniuliza, dada yenu mkubwa akitafsiri: katika ukoo, kuna aliyekufa ghafla kwa ugonjwa wa kichwa? Nikasema hakuna. Basi, akasema, kwa kuwa ni yeye peke yake, ndugu zake hawana haja ya kupimwa. Mjomba wenu akarudi kwenye lori lake bandarini, Port Botany.

Juzi dada yenu alikuwa anatoka kwenda sherehe. Nikamwonya asinywe kitu kwa watu, nikamkumbusha habari za mama yangu mzazi, aliyekunywa pombe ya ndizi kwa jirani asubuhi, akaanguka akitwanga majani ya sombe, akafa.

"Koko, alipoanguka alishika wapi?"

"Kisogoni."

"Alitapika?"

"Sana."

Akaweka mkoba chini. "Hiyo si sumu. Ni ugonjwa wa Mama! Mbona hukumwambia daktari?"

"Daktari aliniuliza kichwa. Hakuniuliza sumu."

Kwetu Kivu mtu mwenye nguvu hafi ghafla bure. Tulisema ni karuho, sumu ya jirani. Jirani mwenyewe alikuwa mjane; tukamwita mchawi. Tulibomoa nyumba yake, na mawe nilirusha mimi pia. Akaondoka na watoto wake mvuani. Sasa nitamwombea wapi msamaha? Sijui hata kama yu hai.

Lakini mjomba wenu yu hai, anavuta makontena barabarani, na mimi ndiye niliyemfungia mlango wa kupimwa. Nikampigia simu, akaja akicheka.

"Mama, mimi mzima! Nakula kama ng'ombe."

"Na dada yako alikuwa anasonga bugali. Lete funguo za lori. Hapa hapapikwi, hapaliwi, mpaka twende wote kwa daktari, niseme ukweli, nawe upigwe picha ya kichwa. Na yule mjane, asiitwe tena mchawi katika nyumba hii."