Wagombea Wawili kwenye Blauzi Moja

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha utotoni mtaani Mafiga, kwenye blauzi yangu ya Idi. Mama aliishona kwa fulana mbili za kampeni. Moja iliungua kwa pasi ya mkaa upande wa kushoto, nyingine ilitafunwa na panya upande wa kulia, naye akaunganisha nusu zilizosalimika. Kifuani pangu wagombea mahasimu wakagawana uso mmoja: huku masharubu, huku miwani.

"Mtoto hatoki hivyo!" baba akafoka. "Wenzangu wa chama watanionaje?"

Bibi, aliyeteremka na ndizi kutoka mlimani, akanivuta karibu, akanikodolea macho kifuani.

"Wale wawili sikuwataka," akasema. "Lakini huyu ana sura ya mtu wa maana. Anagombea wapi, nikampigie kura?"