Kitabu Kilichonuka Ugoro

Mwaka ule tulikula unga wa njano. Mtu wa rika langu hapa Uru nikimwambia hivyo tu haulizi ni mwaka gani, anakunja pua. Ugali wake ulinuka gunia na ulikaa tumboni kama jiwe. Ndizi zilitoka nyembamba kama vidole vya mtoto mgonjwa, na mwenye kupika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, alitajwa kijiji kizima.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mjukuu wangu. Amekuja kutoka Dar, anakaa barazani na simu yake, anacheka peke yake kama aliyewehuka. Nikamuuliza anacheka nini.

"Riwaya, bibi. Mdada wa mjini karudi enzi za zamani, kampenda mwanamume ambaye hajawahi kuona sabuni."

Nikamwambia, mjukuu wangu, hiyo mimi niliisikia nikiwa bado kibogoyo wa meno ya mbele.

Kitabu chetu kilinuka ugoro. Mama alikikuta sokoni kwa muuza ugoro, anakichana karatasi moja moja kufungia wateja. Akambembeleza ampe kilichobaki, akamwachia kichane cha ndizi, mwaka ule wa njaa! Jalada lilishakwenda, na mwisho wake wote ulishaishia kwenye pua za wazee.

Mama alikuwa mjane. Kusoma alifundishwa na masista alipokuwa msichana akijifunza kushona. Asubuhi wanawake waliteremka Mabogini, kule tambarare chini ya mlima, kukata majani ya ng'ombe, wakapanda nayo kichwani, shingo zimezama mabegani. Mchana walikaa kuzunguka vichanja vya kahawa wakichambua zilizooza, na hapo ndipo Mama alipokitoa kitabu kifuani. Akifunua tu, ugoro unapaa. Kwetu sisi hadithi ya mapenzi ilisikilizwa kwa chafya.

Ilikuwa hivi. Binti mmoja, karani wa mjini, amevaa suruali yake ya bugaluu iliyopanuka miguuni, anateleza kwenye mfereji wa maji, anaibukia enzi za mababu. Mangi, mtawala wa wakati ule, mwenye mke tayari, anampenda hapohapo. Anaiona bugaluu anadhani ngozi ya miguu imebambuka, anaagiza apakwe samli. Anaiweka saa ya binti sikioni, anasikia inagonga, anaamuru kile kidudu kiletewe maziwa. Wanawake walilia kwa kucheka. Nilimwona mama mdogo, mke wa mdogo wake baba, amelala chali kwenye majani, kanga imemtoka kichwani.

Halafu mangi akaita wazee na kata ya kibuyu yenye mbege ikaletwa. Huku kwetu hilo lilikuwa neno zito: mwanamke akinywa pombe ya mwanamume mbele ya wazee, ameolewa. Binti akaishika kata. Ukurasa ukaishia hapo.

Ikawa vita. "Anakunywa! Maziwa yote yale atayapata wapi mjini?" "Hanywi, mjinga wewe, anarudi kwenye mshahara wake!" Mama mdogo peke yake hakucheka. Aliuliza, "Na akinywa, yule mke mkubwa wa mangi atalala wapi?"

Mama alikunja kitabu. "Nikijua nitawaambia."

Jumapili moja baada ya misa, babu, baba yake baba, alimwita Mama uani kwake. Mimi nilimfuata nikimshika kanga. Wazee walikuwa wamekaa. Baba mdogo alikuwa amepika mbege, ulezi sijui aliutoa wapi. Mama alikuwa arithiwe, kama ilivyokuwa desturi: mjane, kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, na watoto, vyote viende kwa mdogo wa marehemu. Mimi nilifurahi. Baba mdogo alikuwa ameniahidi gauni, na kwake ugali uliliwa na nyama.

Babu alionja, akampa Mama kata. Mama alipiga magoti, akaipokea kwa mikono miwili kwa heshima zote. Akainusa. Nilimwombea moyoni anywe upesi. Akaishusha chini taratibu, hata tone halikumwagika.

"Mbege ni nzuri, baba, lakini mimi sinywi."

Kisha nyuma ya migomba ikasikika chafya, na sauti ya mama mdogo ikapaa: "Kumbe ndivyo kilivyoishia!"

"Nini kimeishia?" baba mdogo akafoka.

"Kitabu!" Na wanawake wote waliokuwa wamejificha kule wakaangua kicheko, wazee wakatazamana kama watu waliopotea njia.

Usidhani mambo yalikwenda vizuri. Kihamba kilibaki kwetu, lakini baba mdogo hakutusalimia tena. Gauni sikuliona. Hatukuwa na mwanamume wa kutusaidia kuzibua mfereji wala kukata matawi ya kahawa, kwa hiyo mimi nilitolewa darasa la nne nikabebe majani pamoja na Mama. Nilimnunia. Nikipanda na mzigo, jasho likiniingia machoni, nilikuwa nasema moyoni: angekunywa tu, ingekuwaje?

Sikujua kwamba hata angekunywa, majani yangebebwa vilevile, na shingo ingekuwa yake ileile. Alikuwa achoke huku au achoke kule. Alichagua kuchokea kwake. Hilo nililielewa siku tuliyomzika hapo kwenye migomba yake, mama mdogo akilia kuliko sisi wanawe.

Mimi nami nimechoka, nisiwadanganye. Magoti yanalia nikipanda, ng'ombe ananishinda, na migomba ya siku hizi ina magonjwa. Nimelea watoto kwa kihamba hiki, wamesoma wote. Mkubwa wao, baba yake huyu mjukuu, ndiye aliyemtuma aje anichukue. Jana alipiga simu, mjukuu akaiweka sauti kubwa.

"Mama, njoo upumzike. Maji yako ndani ya nyumba, mlima hakuna. Shamba tutampangisha mtu."

Ni mtoto mwema, na aliyoyasema yote ni kweli. Nilitazama miguu yangu, nikatazama kule migombani. Mjukuu alikuwa ameacha kusoma, simu ameishika kwa mikono miwili mbele yangu, ananisubiri nimjibu baba yake.

"Mbege ni nzuri, baba, lakini mimi sinywi."