Wiki Wageni Walipoosha Vyoo Vyetu

Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yakianguka na kukaa juani siku mbili, harufu yake huanza kwa utamu, kisha huwa chachu, kisha hugeuka kitu kizito kinachokaa kooni hata ukinywa maji. Kijijini kwetu, katika kata ya Lionja huko Nachingwea, harufu hiyo ndiyo iliyotuambia kwamba msimu wa korosho umefika. Iliingia darasani kupitia madirisha yasiyo na vioo, ikashika sare zetu na nywele zetu, na tukarudi nayo nyumbani. Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Darasa la saba walikuwa wamemaliza mtihani wao na kuondoka, nafasi zao za uongozi zikabaki wazi, na mimi wa darasa la sita nikachaguliwa dada mkuu. Mwalimu mkuu alinikabidhi daftari la wachelewaji mstarini, mbele ya shule nzima. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye njia ya kuingilia shuleni kengele ikishagongwa, na kuandika jina la kila aliyefika baada yake. Walioandikwa waliosha vyoo. Tuliikuta hivyo, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini choo, kitu tulichokihitaji sote, kisafishwe na wakosaji peke yao.

Jina nililoliandika mara nyingi kuliko yote lilikuwa la Somoe, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Baba yake alikuwa Namungo, upande wa Ruangwa, akichimba dhahabu. Mama yake alikuwa akikaanga korosho kwenye bati ili abangue za kuuza, mafuta ya maganda yakashika moto na kumrukia mikononi. Tangu siku hiyo mikono yake ilifungwa vitambaa mpaka kwenye viwiko, na Somoe ndiye aliyeamka kuokota korosho, kuzitenganisha na mabibo, kuteka maji na kupika uji kabla ya kuja shule. Nilijua habari ya mikono ile. Kijiji kizima kilijua. Lakini daftari halikuwa na mahali pa kuandika sababu, na mimi niliipenda sana kazi yangu. Somoe akifika hakusema neno. Alinitazama nikiandika, akaenda kuchukua fagio na ndoo. Nyumbani kwao hakusimulia, na mimi nilidhani ukimya wake ni kukubali kosa.

Ndipo wakaja wageni. Walikuwa wanafunzi kumi na wawili wa chuo kutoka Japani, pamoja na mwalimu wao mwenye mvi, wakapewa darasa lililoachwa wazi na darasa la saba wawe wanalala humo. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano akatueleza kwamba vijana wale wako kwenye mafunzo ya uongozi, na watakaa nasi wiki mbili ili wajifunze wajibu wa mtu kwa jamii yake na kwa watu wa mbali asiowafahamu. Mama mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Uongozi ndio wanaoufuata huku? Wangetuambia mapema tuwatafutie." Watu walicheka, na mwenyekiti naye akacheka, ingawa si kwa muda mrefu.

Mmoja wao aliitwa Haruka. Alisoma Kiswahili chuoni kwao na alikizungumza kama msomaji wa taarifa ya habari, kila neno limenyooka, kiasi kwamba bibi zetu, ambao nyumbani husema Kimwera, walimwomba arudie polepole. Siku ya kwanza aliniuliza dada mkuu hufanya kazi gani. Nikamjibu kwamba naandika waliochelewa. "Halafu unawasaidia?" akauliza. Nilicheka. Nilidhani hajaelewa utaratibu, na nikaenda kuwasimulia wenzangu.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, wageni wote kumi na wawili walikunja suruali, wakachukua mafagio na majivu, wakaingia vyooni kuosha. Kwao ndivyo wanavyolelewa: tangu wadogo husafisha shule yao wenyewe, na anayeitwa kiongozi huanza na mahali pachafu zaidi. Sisi hatukulijua hilo. Tulisimama mbali tukinong'ona, tukijiuliza wamefanya kosa gani zito namna ile, wote kwa pamoja, ugenini. Somoe alipofika amechelewa kama kawaida, nikamwandika, akaenda kuchukua ndoo. Haruka alidhani amekuja kumsaidia, akamshukuru, na wakaosha pamoja. Niliwasikia wakicheka humo ndani. Tangu nimekuwa dada mkuu, sikuwahi kusikia kicheko kikitoka upande ule.

Habari ilifika kijijini kabla ya adhuhuri kwamba watoto wa Kijapani wanaadhibiwa vibaya. Kwetu mtoto wa mtu akiadhibiwa, mkubwa yeyote anayepita anaweza kumwombea msamaha, na si adabu kumkatalia. Jumanne asubuhi mama Somoe alikuja shuleni. Alibeba bakuli la mihogo ya kuchemsha, amelikumbatia kifuani kwa mikono yake iliyofungwa. Hakupita ofisini. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mwalimu mwenye mvi, akapiga goti.

"Mwalimu," akasema, "wasamehe hawa. Wako mbali na mama zao. Kama kuna walichoharibu, nimekuja kuwaombea."

Haruka alitoka chooni na fagio mkononi ili amtafsirie mwalimu wake. Mwalimu mkuu wetu akaja mbio, akicheka kicheko cha ofisini. "Inuka, mama. Hawajaadhibiwa hawa. Ndiyo desturi yao, wanapenda wenyewe."

Mama Somoe aliinuka. Akawatazama wageni, akatazama vyoo. "Kumbe. Basi siku zote huwa wanaosha kina nani?"

Mtoto mmoja wa darasa la kwanza, aliyedhani swali limeulizwa ili lijibiwe, akasema, "Somoe."

Somoe alikuwa amesimama hapo hapo na ndoo yake. Mama yake hakumgombeza. Alimwambia aweke ndoo chini, wanakwenda nyumbani. Kisha akamgeukia mwalimu mkuu, na sauti yake haikupanda. "Mtoto huyu mchana ananilisha kwa mkono wake kama mtoto mchanga. Nangoja mtu wa shule hii aje nyumbani kwangu aniambie kwa nini anaoshishwa vyoo. Akija, mwanangu atarudi darasani. Nangoja mpaka Ijumaa. Jumamosi asubuhi anakwenda Namungo kwa baba yake, akapike kwa mama ntilie." Bakuli la mihogo aliliacha mikononi mwa Haruka.

Mwalimu mkuu aliniita pembeni. "Mambo ya shule hayasemwi mbele ya wageni," akasema. "Mwenyewe atarudi. Hawa hutishia tu." Nilitaka sana kumwamini. Haruka aliponiuliza mchana Somoe yuko wapi, nikamwambia ana homa.

Kila jioni, jua likiwa bado juu ya mikorosho, wageni walikaa duara barazani. Kila mmoja alitaja kosa moja alilolifanya siku hiyo, bila kueleza sababu na bila kumsingizia mtu, kisha wengine wakainamisha vichwa. Mwalimu wao alinialika nami nikae nao, kwa kuwa niliitwa kiongozi. Kwetu ukisimama kusema kosa lako mwenyewe unampa aliye juu yako fimbo ya kukuchapia, na mwalimu mkuu alikuwa amekaa papo hapo, kwenye kiti cha ofisini. Jumanne nilisema kwamba sikufagia vizuri eneo langu. Wakaniinamishia vichwa. Jumatano nilisema nilimjibu dada yangu kwa hasira. Alhamisi nilitunga kosa ambalo sikulifanya kabisa. Kila nilipokaa chini nilihesabu siku zilizobaki, na kila nilipohesabu nilijiambia kwamba mtoto haendi kwa watu wazima asipotumwa.

Ijumaa Haruka alisimama wa kwanza. "Siku nne nimeuliza Somoe yuko wapi," akasema, kwa lugha yao kisha kwa yetu. "Nikaambiwa ana homa, nikaridhika. Sikwenda kumwona kwa sababu ratiba yetu ilikuwa imejaa. Nimekuja kujifunza kuwajibika kwa watu wa mbali, na huyu hakuwa mbali."

Zamu yangu ilifuata. Nilisema kwamba Somoe hana homa. Nilisema niliyekuwa nikimwandika ni mimi, nikijua mama yake hana mikono ya kufanyia kazi, na kwamba leo ndiyo siku ya mwisho aliyopewa mtu wa shule kwenda. Sauti yangu ilikuwa ndogo, na Haruka alitafsiri akinitazama. Wageni hawakuinamisha vichwa safari hii. Walisimama wote na kuanza kuvaa viatu.

"Sasa hivi karibu magharibi," mwalimu mkuu akasema. "Siwezi kuruhusu wageni wa serikali ya kijiji watembee mashambani saa hizi. Kesho alfajiri nitawapeleka mwenyewe." Yule mwalimu mwenye mvi aliambiwa neno hilo, akafikiri, akakubali, maana mwenyeji ndiye mwenye amri. Viatu vikavuliwa tena. Kwa kina Somoe palikuwa mwendo wa robo saa kutoka hapo. Ningeweza kukimbia. Nilikwenda nyumbani kusaidia kupika.

Alfajiri tulikwenda watatu: mwalimu mkuu, Haruka na mimi. Alama za magurudumu ya pikipiki zilikuwa bado mbichi uani. Mama Somoe alikuwa chini ya mikorosho peke yake, akiokota kwa ncha za vidole zilizochomoza kwenye vitambaa, na kikapu alikisogeza kwa mguu. Tulimwamkia, akaitikia. Mwalimu mkuu akaanza kueleza utaratibu wa shule na umuhimu wa kuwahi. Alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, mwalimu," akarudi kuokota.

Haruka aliinama mpaka mgongo wake ukalala kama meza, na akabaki hivyo.

"Inuka, mwanangu," mama Somoe akamwambia. "Wewe mgeni. Njia ya kuja kwangu hukuijua." Kisha akanigeukia mimi. "Hadija, wewe ulikuwa unaijua."

Tuliokota naye mpaka jua likawa kali, hata mwalimu mkuu, na shati lake jeupe likaingia madoa ya mabibo yasiyotoka. Baadaye aliandika barua kwenda Namungo. Jibu lilikuja kwa mdomo wa dereva wa pikipiki: mtoto ameshaanza kazi. Jumatatu nilirudisha daftari ofisini nikasema siwezi tena. Mwalimu hakunichapa wala hakunigombeza. Kabla ya mapumziko alikuwa amempa msichana mwingine, na kesho yake asubuhi nilimwona njiani akiandika kwa umakini ule ule niliokuwa nao mimi.

Nimekua, na maisha yangu yamekuwa ya kuandika vitabu. Pengine huitwa kwenye kumbi za mjini nizungumze na vijana walio kwenye mafunzo ya uongozi. Naona kumbi zina viyoyozi, vijana wana maswali mazuri kuliko tuliyokuwa nayo, na kila mara nawasimulia habari za mama aliyepiga goti kuwaombea watu ambao hawakuadhibiwa. Shule yetu leo ina vyoo vipya na tangi la maji. Ukutani kuna ratiba ya usafi inayozunguka madarasa yote, na majina ya walimu yamo. Sijui kama ilianza kwa wageni wale au kwa walimu vijana waliokuja baadaye. Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama juani, nikafurahi, na furaha ile haikunitosha.

Kwa hiyo nilikwenda Namungo. Ilikuwa siku ya mpira, vijana wamevaa jezi, na kibanda cha Somoe kilijaa wateja waliotaka kula mapema wakawahi uwanjani. Amenenepa kidogo, anacheka kama zamani, na anaendesha wasichana wanne wa kazi bila kupaza sauti. Alinitambua kabla sijamwamkia. "Kaa ule kwanza," akasema, "mtu wa mjini hazungumzi na njaa." Akaniletea wali na maharage, akakaa mbele yangu na taulo begani. Nikamwambia yote: homa niliyoitunga, makosa ya uongo ya barazani, Ijumaa ile niliyokwenda kupika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mama yake alivyomsikiliza mwalimu.

"Nilishakusamehe, Hadija, wala sikumbuki ni mwaka gani," akasema. "Ila darasa la saba halikunisubiri."