Fuko wa Jicho Moja

Huku Zuni, kijiji cha wenyeji asilia wa Marekani, mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe. Mimi nilitoka kijiji cha Laguna na begi moja, na kwa miaka ishirini na miwili nimekula mkate wa tanuri wa mama mkwe wangu, Clarinda, pamoja na masimango yake. Sijuti.

Mke wangu Velda alichelewa kuanza kuchonga. Baba yake, Lambert, alichonga kwa mawe dubu na simba wa milimani, wanyama wadogo wa ulinzi, waliosifiwa hadi mjini Gallup, lakini bintiye aliposhika jiwe la kwanza, mzee alikuwa ameshapofuka. Aliipapasa kazi ya mwanawe, akasema, "Endelea." Kuiona hakuwahi.

Alipofariki aliacha jiwe jeusi moja, limechongwa nusu. Velda aliapa kwamba mama yake atalishika likiwa limekamilika. Miaka tisa likakaa kwenye droo, kila mara analitoa, analigeuzageuza, analirudisha. Na sheria ya nyumba hii ni kwamba mnyama hashikwi na mtu mwingine mpaka atiwe macho, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumsaidia.

"Dubu gani huyu hana shingo?" alikuwa akinung'unika. "Masikio umeyaweka wapi, baba?"

Mwaka huu, mwezi wa pili, Clarinda aliugua kifua, akawa hainuki kitandani. Velda akaingiwa na hofu. Aliwasha drili, akatoboa jicho la kushoto, akaizima ghafla.

"Baba Kendra, nimemharibu," aliniambia huku akilia. "Huyu si dubu. Sijui hata ni nani."

Clarinda alikuwa anatusikia. "Mlete hapa!"

"Mama, macho bado..."

"Sheria hiyo niliiweka mimi mlipokuwa watoto, msije mkamvunjia baba yenu kazi, na mikono yenu ile ya kudondosha vikombe. Lete!"

Akalipokea jiwe, akafumba macho. Vidole vilipita mgongoni, vikashuka kwenye pua iliyochongoka, vikasimama kwenye miguu mifupi, mipana.

"Ni fuko," alisema. "Mlinzi wa chini ya ardhi. Anaishi gizani, macho ya nini? Mlidhani baba yenu angechonga nini mwaka ule alipopofuka? Tai?"

Velda aliinamisha kichwa. "Na mimi nimemtoboa jicho."

Mama mkwe alikohoa, akamrudishia jiwe.

"Basi litie kijiwe cha feruzi. Alikufa anatamani kuona unavyochonga."

Jicho lilitiwa siku ileile. Clarinda alipona, na masimango yakarudi. Fuko hajauzwa, wala hakuwekwa kwenye chungu wanamotunzwa wenzake. Kila asubuhi Velda humpa unga wa mahindi, kama mila ya hapa inavyotaka wanyama wa mawe walishwe, kisha humgeuza ubavu mpaka jicho lile lielekee mikono yake, ndipo anapochukua jiwe jingine.