Mtunzi Aonje Mtihani Wake

Kosa lililonikasirisha kuliko yote lilikuwa sifuri moja. Dada yetu wa taipureta aliigonga kwa nguvu zake za siku zote, ikakatika kwenye stensili, na mashine ya kudurufu ikaweka doa jeusi mahali pake. Watahiniwa wa uchumi wakalisoma lile doa kila mtu kwa akili yake: huyu akaliona nane, yule akaliona nukta. Tulipogundua na kuandika masahihisho ubaoni, muda uliobaki ulitosha kukusanya karatasi tu.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Buswahili alifeli kwa sababu ya doa lile. Nilimfahamu vizuri. Chuo chetu kilifundisha watu wakiwa makwao, na yeye alikuwa akija kituoni Musoma kuchukua vitabu akiwa na mtoto mgongoni. Chuo kikampa nafasi moja ya kurudia, na akifeli tena, anadisko, anarudi nyumbani na miaka yake yote ya kusoma ikiwa bure. Kisha makao makuu wakatushushia na sisi onyo letu: likionekana kosa lingine kwenye mitihani ya Musoma, watahiniwa wote wa Mara watafanyia Mwanza. Yule mwalimu hakuwa na ndugu Mwanza, na mtoto alikuwa bado ananyonya. Nilijua kabisa kwamba mtihani ukihamia Mwanza, yeye hataufanya.

Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mitihani pale kituoni. Siku zile vituo vya mikoani viliruhusiwa kutunga na kudurufu mitihani vyenyewe, maana karatasi ilikuwa haba na vifurushi vilipotea njiani. Mkuu wa kituo akataka tununue mashine mpya. Soko huria lilikuwa limefunguka, maduka ya Musoma yamejaa vitu ambavyo miaka michache nyuma tulivisikia kwenye hadithi, na kila mtu aliamini dawa ya kila kitu iko dukani. Nikamwambia, "Mkuu, mashine haijui uchumi. Ukiipa upuuzi itakutolea upuuzi unaosomeka vizuri." Hakupenda, lakini alishanizoea.

Nikatoa mitihani yetu ya nyuma na kuisoma yote. Makosa ya taipureta yalikuwa machache kuliko nilivyodhani. Mengi yalitoka kichwani mwa mtunzi. Kulikuwa na swali lililosema "tumia mchoro ulio hapa chini" na chini hakuna mchoro. Kulikuwa na swali ambalo peke yake lingemaliza asubuhi nzima. Kulikuwa na jedwali ambalo jumla yake haikukubaliana na namba zilizoizaa. Watunzi walikuwa wameyapitia maswali yao, tena kwa makini, lakini nyani haoni kundule. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa chini akayajibu.

Hapo nikakumbuka kwetu Manyamanyama. Baba yangu akialika watu kuja kupalilia pamba, mama alipika pombe ya mtama, na kabla ya mgeni yeyote kugusa chungu, baba alikunywa yeye, mbele ya macho ya watu wote. Akimeza na kutulia, ndipo wengine wanapokea. Hakuna aliyeona kwamba anadharauliwa kwa kuonja pombe ya nyumbani kwake. Kutoonja ndiko kungewatia watu mashaka.

Basi nikatangaza sheria yangu: hakuna stensili itakayochapwa mpaka mtunzi akae ofisini kwangu, bila vitabu, na kuujibu mtihani wake kwa kalamu ndani ya muda uleule wa mtahiniwa. Wahadhiri walinuna. Mmoja akaniuliza kama nimewageuza kuwa wanafunzi. Nikamwambia mkuki kwa nguruwe, akacheka kwa shida na kukaa. Alipofika swali la tatu akainua kichwa, akaomba kifutio cha wino alisahihishe, bila kunitazama. Tangu siku ile walilipa zoezi lile jina la kuonja, na wakipita koridoni walitaniana, "Wewe umeshaonja? Kichwa hakiumi?" Mimi nilifurahi. Watu wakianza kukitania kitu, ujue wameshakikubali.

Kikwazo kilikuwa mtunzi wa uchumi. Alikuwa mzee wa Bunda, mstaafu, mwenye shamba lake la pamba, aliyekuja kituoni kwa kibarua cha kufundisha. Mimi mwenyewe nilisoma kwake nilipokuwa msichana. Aliingia ofisini na mtihani ndani ya bahasha, nikasimama, nikamwamkia shikamoo, nikamvutia kiti cha mtahiniwa.

"Marahaba," akasema, akikitazama kile kiti bila kukikalia. "Mwanangu, mimi ndiye niliyekufundisha kusoma grafu. Leo unanitahini?"

"Mzee wangu, pale nyumbani kwako kuna mgeni amewahi kunywa kabla yako?"

Akacheka kicheko chake kikubwa, akakaa, akaniomba kalamu.

Aliandika kama mtu anayelima shamba alilolizoea. Swali la kwanza, la pili, ukurasa baada ya ukurasa, nami nikawa naanza kujiona nimemsumbua bure. Alipofika swali la mwisho akaandika mstari mmoja, akasimamisha kalamu. Ukilitoa kwenye Kiingereza chake, swali lilisema hivi: eleza jinsi mnunuzi mmoja na bei moja ya nchi nzima vinavyomlinda mkulima wa pamba wa leo.

"Juzi nimeuza pamba yangu pale barabarani," akasema polepole. "Nimemuuzia mtu wa pikapu. Bei ameipandisha tukiwa tumesimama palepale, kwa sababu pikapu nyingine imekuja nyuma inapiga honi." Akavua miwani. "Halafu mimi nakuja huku nawauliza watoto wa watu habari za mnunuzi mmoja. Mama, swali hii imekufa. Huwaga nalitoa kila mwaka, na sijaona kwamba limekufa."

Nililijua lilikotoka. Miaka ya shida stensili hazikupatikana, kwa hiyo tulikuwa hatuzitupi. Tulizifuta wino, tukazitundika kwenye kamba ndani ya stoo kama nguo zilizofuliwa, na mwaka uliofuata tukazirudisha kwenye mashine. Hata mtunzi akileta karatasi mpya, maswali alikuwa ameyanakili kutoka kwenye zile za kwenye kamba. Tulijisifu kwa kubana matumizi, na kweli kulitufikisha tulipofika. Lakini nje ya stoo nchi ilikuwa imegeuka, na mtahiniwa ambaye angejibu anayoyaona kwa macho yake, mwongozo wa kusahihishia ungempa sifuri. Yule mwalimu wa Buswahili naye kwao wanalima pamba.

Nilimhurumia mzee, na papo hapo nikajisikia fahari tele, wala sitaificha. Nikamsogezea karatasi safi. Akatunga swali jipya: linganisha maisha ya mkulima wa pamba chini ya mnunuzi mmoja na chini ya wanunuzi wengi, utoe mifano ya mahali unapopajua. Alipomaliza, kabla sijafungua mdomo, akainama na kuanza kulijibu. Zile stensili za kwenye kamba nilizichoma nyuma ya kituo, na dada wa taipureta akapiga makofi.

Siku ya mtihani makao makuu walimtuma mkaguzi, bwana mmoja mkimya mwenye suti. Aliketi mwisho wa ukumbi, nakala ya maswali mkononi, anasoma kila mstari kwa ncha ya kalamu. Mwalimu wa Buswahili alikaa karibu na dirisha. Nje, mama mkwe wake alikuwa amekaa kivulini na mtoto.

Muda ulikwenda. Sikusikia mguno, wala kiti kusogezwa, wala ile minong'ono ya watu wanaotazamana kwa sababu swali halieleweki. Nilitembea katikati ya meza nikijiambia kwamba tumeweza. Ndipo mwalimu wa Buswahili akainua mkono.

Mkaguzi akanyanyuka. Sijui nilifikaje pale kabla yake, ila najua nilihesabu kosa kabla sijaliona, na tayari nilikuwa nawaona watu wangu kwenye basi la Mwanza, yeye hayumo. Nikainama. Kidole chake kilikuwa juu ya swali la mwisho, lile la pamba.

"Kuna nini, mwalimu?" nikanong'ona.

Mkaguzi alikuwa ameshafika, amesimama nyuma yangu, kalamu tayari.

"Hakuna kitu, Madamu," akasema mwalimu, jasho likimtiririka shavuni. "Hii karatasi ya kujibia imejaa. Na mimi bado sijafika hata kwa wale wanunuzi wa pikapu wa kwetu."

Mkaguzi akarudisha kalamu mfukoni, akarudi kwenye kiti chake. Mimi nilienda mezani kumchukulia karatasi nyingine, na nilimletea tatu.