Nilidhani rubani anatajirika siku ya kwanza: mshahara, presha, na keki ya ndege iliyokaa kwenye friza

Wakuu, habari za popote mlipo.

Kila baada ya muda humu namwona mtu anauliza: "Nataka kwenda Marekani kusomea urubani, je, nitatoka kimaisha?" Halafu anajibiwa na mtu ambaye ndege ameipanda kama abiria wa dirishani tu, tena mara moja. Nimevumilia weee, leo nimeshindwa.

Nitaeleza yaliyonikuta mimi mwenyewe, na sitatia chumvi. Hata daktari anayetupima marubani ameshaniambia niipunguze.

Kaeni vizuri.

Naishi Euless, Texas, mji uliojibanza pembeni ya uwanja mkubwa wa ndege. Naishi na dada yangu, Neema. Yeye alitangulia kuja, mimi nikafuata. Makaratasi tunayo, kabla hamjauliza.

Dada alikuwa msaidizi wa wauguzi kwenye hospitali moja Fort Worth, zamu za usiku. Kugeuza wagonjwa, kuwaogesha, kuwalisha. Ndoto yake ilikuwa asome awe nesi kamili.

Mimi nilikuwa napakia mizigo kwenye ndege. Na ndoto yangu ilikuwa hapo hapo juu ya kichwa changu, inapaa kila dakika.

Tukakubaliana hivi: kwanza nisome mimi, yeye anisaidie ada. Nikishakuwa rubani, Dada anaacha kazi, anakaa darasani, na mimi nalipa kodi ya nyumba na kila kitu. Tulianza na mimi kwa sababu moja tu: urubani una hela.

Hesabu ya watu wawili wasiojua kitu.

Basi, 2017 nikafika hatua ya leseni ya biashara, ile inayokuruhusu kulipwa kwa kurusha ndege. Mwalimu wangu alikuwa kijana wa Kimarekani, nitamwita Cody. Mtaratibu, anajua ndege hasa. Wiki ya mtihani nikamuuliza, kwa furaha tu, nikifaulu naweza kufundisha pale pale shuleni na malipo yakoje.

Akanieleza. Mwalimu analipwa zile saa ambazo propela inazunguka. Mvua ikinyesha, hulipwi. Upepo ukizidi, hulipwi. Mwanafunzi akiamka na mafua, hulipwi.

Halafu akaniuliza, tena kwa sauti ya chini: "Hey man, kule kwenye mizigo, mnaajiri?"

Wakuu, nilitoa macho. Mwalimu wangu wa urubani anaomba nimuunganishie kazi ambayo mimi nasoma ili niikimbie!

Nikaondoka pale kichwa kimejaa. Nikajiambia nitamweleza Dada baada ya mtihani, nisimharibie wiki. Dada naye alikuwa na jambo lake. Barua ya kukubaliwa chuo cha unesi ilikuwa imeshafika, darasa linaanza Januari, na sherehe yangu ilikuwa imeshapangwa Jumamosi. Mtihani ulikuwa Ijumaa.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Sherehe ya pongezi ilipangwa kabla sijafanya mtihani. Sisi ndivyo tulivyo. Kamati ilishakaa, pilau imegawanywa nani anapika, MC ameshajitangaza.

Ijumaa nikaenda.

Maswali ya mdomo nikajibu vizuri, na angani mambo yakaenda. Mwishoni kuna zoezi moja: mtahini anakuambia urudishe nguvu ya injini chini kabisa, ndege inateleza yenyewe, na wewe unatakiwa utue kwenye alama aliyokuchagulia. Hairuhusiwi kutua kabla yake hata kidogo.

Upepo wa kaskazini ulikuwa mkali. Nikaona ndege inashuka mapema mno. Nikavuta usukani, nikaomba, nikavuta tena.

Magurudumu yakagusa kabla ya alama.

Mtahini hakupiga kelele. Akasema tu, "I'm sorry." Nililia ndani ya gari kwenye maegesho, sioni haya kusema.

Nyumbani Dada alikuwa ameshaondoka kwenda kazini. Asubuhi alirudi amebeba keki. Keki yenyewe imetengenezwa umbo la ndege, ina mabawa, ina madirisha, na ubavuni imeandikwa CAPTAIN BARAKA. Alikuwa anaichekea kama mtoto mchanga. Nikashindwa kufungua mdomo. Akalala, akaamka, tukaenda.

Sherehe ilikuwa kwenye ukumbi mdogo wa apartment zetu. Watanzania wengi, na majirani Wakenya. MC alikuwa Shayo, ambaye yupo kwenye kila shughuli yetu, iwe harusi au ubatizo.

"Jamani, tufunge mikanda! Captain yuko ndani ya nyumba! Leo hakuna economy hapa, wote business class!"

Watu hoi. Mimi jasho.

Kisha akampa Dada kipaza sauti. Dada akashukuru, akasema amelala mchana miaka yote hii kama popo, na sasa imetosha. "Jumatatu naenda ku-submit resignation yangu. Nami naenda shule. Nyumbani sasa kuna rubani."

Vigelegele.

Hapo ndipo nilipoona haiwezekani. Dada akiacha kazi Jumatatu, tutaanguka wote wawili, na yeye ndiye atakayeumia zaidi. Nikaenda mbele nikachukua kipaza sauti.

Nikasema: "Dada, usipeleke hiyo barua. Jana nimefeli. Nitarudia, nitafaulu. Lakini hata nikifaulu, nitaanza na mshahara mdogo kuliko ninaoupata kwenye mizigo. Nimejua wiki hii. Hela ya urubani ipo, ila iko mbele sana. Nisamehe nimekuambia mbele za watu."

Shayo, mtu ambaye hajawahi kukosa maneno, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Aliyetuokoa ni jirani yetu Mama Jose, Mkenya, nesi wa miaka mingi. Akainuka kule nyuma na sahani yake mkononi.

"Sasa mbona mmenyamaza? Kwani hii ni matanga? Hata mimi nilifail boards za nursing, tena twice, na leo mnaniita mkiumwa. Huyu atarudia. Wekeni chakula, tukule!"

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tena. Mara mmoja akasema alivyofeli mtihani wa uhasibu, mwingine mtihani wa dereva mara tatu. Watu waliokuwa wanajuana miaka yote kwa picha za mahafali walianza kuelezana walivyoanguka. Pilau ikaliwa yote.

Keki tu ndiyo haikukatwa. Dada aliibeba mwenyewe, akaipitisha katikati ya watu, akatoka nayo.

Nikamkuta ndani ya gari lake, keki mapajani.

"Nimekasirika," akasema. "Na sijakasirikia kufeli. Ungeniamsha."

Nikasema najua.

Akauliza: "Ukijumlisha yote, lini utaanza kulipwa vizuri?"

"Miaka, Dada. Sio miezi."

"Basi mimi siwezi kukusubiri." Akaendelea: "Shule naenda Januari hiyo hiyo. Ila kazi siachi, nitaomba zamu za weekend tu. Na wewe mizigo huachi. Kila mtu abebe upande wake."

Halafu akanipa keki. "Hii iweke kwenye friza. Tutaikata ukifaulu."

Wakuu, kwenye keki jina lilikuwa langu, lakini rubani wa nyumba ile alikuwa Dada.

Nikafanya mazoezi na Cody, nikarudia lile zoezi moja, nikatua kwenye alama. Keki ikakatwa. Ilikuwa na harufu ya samaki waliokaa nayo mule. Nilikula bawa zima.

Baadaye nikapata na leseni ya kufundisha. Alfajiri mizigo, mchana nafundisha, mvua ikinyesha naomba zamu ya ziada kwenye mizigo. Huku lazima ufikishe saa elfu moja na mia tano angani kabla shirika la abiria halijakutazama, kwa hiyo usije na haraka. Dada naye alikuwa anasoma kwenye meza ya jikoni na Jumamosi na Jumapili yuko wodini. Kuna siku tulikuwa tunaongea kwa vikaratasi mlangoni pa friji.

2019 nikaajiriwa na kampuni ndogo inayobeba abiria kwa niaba ya kubwa. Kituo changu kikawa Houston, na kazi ikawa ya kusubiri simu: unakaa karibu, ukiitwa unavaa unakimbia. Hoteli sikuziweza. Nililala kwenye kochi la Papa Elie, Mkongomani niliyepakia naye mizigo zamani, apartment yake iko Gulfton, mtaa wa Houston.

Siku ya kwanza aliyoniona na sare, akashika kiuno. "Weye njo pilote, na unalalaka ku canapé yangu? Dunia iko na mambo!"

Watoto wake wakamjibu, "Dad, leave him alone, he's tired." Na kweli nilikuwa nimechoka.

Presha ya kazi hii watu hawaisemi. Unapimwa afya kila mara, unapimwa kwenye mashine ya kuigiza ndege kila mara, na kufeli kunabaki kwenye faili lako. Simu ikiita unashtuka hata kama ni mama anakusalimia. Sikukuu unazisikia kwa wenzako.

Lakini nisiwadanganye upande wa pili pia. Asubuhi niliyotua Houston na abiria nyuma kwa mara ya kwanza, nilifurahi kupita maelezo. Kapteni akaniambia, "Nice one." Nilienda kumwambia Papa Elie kama mtoto aliyetoka shule.

Ikaja 2020. Mnajua wenyewe. Ndege zikapaki zimepangwa mistari kama magari yanayouzwa. Kwenye urubani aliyeingia mwisho ndiye anayetoka kwanza, na mimi nilikuwa mwisho kabisa. Nikarudi Euless na begi langu.

Mwezi huo huo Dada akamaliza chuo. Mahafali hayakuwepo, ukumbi umefungwa. Majirani wakaja kwenye maegesho, kila mtu ndani ya gari lake, wanapiga honi. Mama Jose alipiga mpaka tukamwomba apumzike.

Nilikuwa nimeagiza keki, umbo la kofia ya nesi, jina lake ubavuni. Nikachukua kisu.

Dada akanishika mkono. "Mtihani wa leseni bado. Weka kwenye friza."

Alifaulu wiki chache baadaye. Fort Worth hiyo hiyo, hospitali hiyo hiyo, ila sasa ni nesi kamili. Nikiandika hapa, kodi ya nyumba analipa yeye, na mimi nafundisha wanafunzi wachache propela ikizunguka. Ndege kubwa zitarudi, na mimi nitarudi nazo. Hilo sina wasiwasi nalo.

Nililojifunza ni kwamba urubani unalipa, na unapendeza, ila huanza kulipa ukiwa umeshachoka kusubiri. Usimwache mtu aliyekubeba apange maisha yake juu ya mshahara ambao hujauona. Mwambie mapema, hata kama amelala, mwamshe.

Walio kwenye fani, njooni mnirekebishe. Wanaotaka kuanza, ulizeni, nitajibu ninachokijua.

Na anayetaka kufanya sherehe kabla ya mtihani, afanye tu. Ila kwanza atoe samaki kwenye friza.