Matairi Mapya Mbele, Vipara Nyuma

Vijana mtakaosoma haya, nyinyi mnaopenda magari mafupi yanayonguruma, kaeni mnisikilize. Nimechoka kusema kwa mdomo. Kila Idi mjukuu mmoja huniingilia uani na gari lililobadilishwa matairi mawili, akaniita nitoke nikaone lilivyopendeza. Mimi hutoka, nikapita mbele bila kutazama, nikaenda kuinama nyuma. Wananicheka. Wacheke, mimi najua ni mguu wa nani uliovunjika.

Nakumbuka siku ya harusi yangu, miaka ile ya hamsini, nilipotolewa kwetu Msambweni kupelekwa kwa mume Mwabungo. Mume wangu Salimu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa mzungu mmoja huko Diani. Mzungu yule alikuwa na gari la mbio, jekundu, la wazi, viti viwili, limelala chini hata kuku angeliruka. Akamwazima Salimu kwa siku ile. Alikuwa mtu mwema, na kosa halikuwa lake. Matairi yote manne yalikuwa yamechakaa pamoja, na mapya mawili yalikuwa yamefika kutoka Mombasa, ya aina nyingine kabisa, yenye kuishika barabara. Akamwambia Salimu ayaweke stoo mpaka mengine mawili yafike.

Kijana mwenye harusi, mwanangu, stoo ataijulia wapi? Akayafunga. Tena akayafunga mbele, kwa sababu gari la harusi hupokewa kwa uso wake. Wanawake wa vigelegele hawasimami nyuma ya gari. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo mnaponichosha. Gari lile, matairi yake yalipokuwa yamechoka sawasawa, lilikuwa na adabu. Ukiingia konani kwa haraka, pua ndiyo iliyoanza kugoma: unakata usukani, nalo linataka kwenda moja kwa moja. Dereva anashtuka, anapunguza, yamekwisha. Lilikuwa linakuonya kabla ya kukukasirikia. Salimu alipoweka mapya mbele, onyo lile likaondoka. Pua ikawa inashika papo hapo, gari linageuka kabla hujamaliza kulifikiria. Akaja kujisifu kwa kaka zangu kwamba limekuwa jepesi kama mbuzi. Mkia haukupewa kitu, naye hakuujali. Haya sikuyasoma popote. Niliyasikia kwa Salimu mwenyewe miaka yote ya ndoa yetu. Aliyajua vizuri sana, baada ya harusi.

Bi Mwanatumu alikuwa somo yangu, mwanamke aliyenifunda tangu nilipovunja ungo. Hakuna harusi ya Msambweni iliyochezwa pasipo yeye kuongoza ngoma ya wanawake. Miguu yake ilijulikana kuliko uso wake. Na kwetu bibi harusi haendi kwa mume bila somo, ambaye hukaa naye fungate nzima akimwongoza. Lakini viti vilikuwa viwili. Kaka zangu wakamwambia atafuata kwa lori la watu wa harusi. Yeye akajifunga leso kiunoni, akapanda nyuma ya viti, pale panapokunjiwa turubai la paa, mwanamke mwenye mwili wake, juu kabisa ya magurudumu ya nyuma. Alipokuwa akipanda ndipo alipoyaona.

"Bwana harusi, haya ya nyuma mbona yana kipara kama marehemu babu yako?"

Watu wakacheka. Salimu akajibu kwa adabu, ila harakaharaka: "Hapana neno, mama. Gari huongozwa kwa mbele. Ya nyuma yanafuata tu."

"Hata punda huongozwa kwa kichwa," akasema Bi Mwanatumu. "Teke hutoka wapi?"

Wakacheka zaidi. Mimi nilikuwa ndani ya buibui, na bibi harusi wa siku zile hakuwa na mdomo. Salimu akatia moto.

Mvua ilikuwa imenyunya asubuhi. Barabara ile ya udongo mwekundu ikilowa kidogo huteleza kuliko ikilowa sana. Kona za mwanzo gari lilizikata kama kisu, na Salimu akawa ananigeukia, ataka nimsifu. Kona ya kuteremkia mtoni akaiingia na mwendo uleule. Pua ikashika. Nikahisi mgongoni kwamba nyuma kunaondoka kwenda zake. Salimu akashtuka, akatoa mguu kwenye mafuta, akakanyaga breki, na hapo uzito wote ukakimbilia mbele kwenye matairi yenye nguvu, nyuma kukabaki kwepesi na vipara vyake. Mkia ukatupita. Tukaitazama Msambweni tulikotoka, kisha tukaingia shamba la muhogo kinyumenyume.

Mimi na Salimu hatukuchubuka. Bi Mwanatumu alirushwa. Tulimkuta kwenye tuta, mguu umekunjika mahali pasipo kiungo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile asiyesikia alikuwa Salimu, na guu lililovunjika lilikuwa la mkuu mwenyewe. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Lori likafika, na wanaume wote wakalizunguka gari. Huyu apapasa bati, yule ainama kutazama chini. Bi Mwanatumu akawaambia kutoka pale tutani, bila kupaza sauti: "Aliyevunjika ni mimi. Gari halilii."

Fungate yangu niliimalizia hospitali, nikimwosha na kumlisha yule aliyetakiwa kuniongoza. Mguu uliunga, lakini haukucheza ngoma tena. Harusi zote zilizofuata alikaa mkekani akipiga makofi. Kila Salimu alipomwendea na shikamoo yake, aliitikia marahaba, kisha akamuuliza: "Matairi hayajambo?" Hakumwambia zaidi ya hilo mpaka alipofariki.

Basi, mwanangu, gari hushikwa na magurudumu manne, si yale mawili yanayotazamwa. Ukibadilisha, badilisha yote, yawe ya aina moja. Ukishindwa, yale mazima yaende nyuma hata kama hakuna atakayeyaona, kwa maana pua ikiteleza utaihisi mikononi na utapunguza. Mkia ukiteleza, umekwisha kuachwa. Na ukishabadilisha, liendeshe polepole kwanza ukiwa peke yako, maana silo tena lile ulilolizoea. Namba mnazozisoma ubavuni mwa tairi mimi sizijui. Ninajua kwamba kiburi cha mwenye usukani hulipwa na aliyekaa nyuma.

Mwenyezi Mungu awalinde njiani, awape masikio kabla ya majuto, awafikishe salama nyinyi na wale mliowabeba.

Nyumbani kwangu nimekwisha toa amri, nami naiandika hapa ili asiwepo wa kusema hakuisikia. Hakuna gari litakalotoka ua huu na mtu ndani mpaka mwenye gari achuchumae nyuma yake kwanza, ayatazame matairi. Na mwenye kubisha, ampe mwenziwe usukani, nyuma akae yeye.